Betri za Umeme na Joto la Kisumu

Maandishi mengi kuhusu kutunza betri ya gari la umeme yametoka nchi za baridi, na sehemu kubwa yanazungumzia theluji. Yanaeleza namna ya kupasha betri joto kabla ya safari, kwa nini gari huenda umbali mfupi zaidi mwezi wa Januari, na kwa nini Januari 2024 magari ya Tesla yalipanga foleni kwenye vituo vya Chicago yakishindwa kuchaji. Mkazi wa Kisumu anayefikiria kununua gari la umeme, au mwanaboda anayetaka kuachana na petroli, husoma hayo yote na asipate jibu la swali lake. Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kusini kidogo tu mwa ikweta. Ni nadra hewa yake kushuka chini ya nyuzijoto 15 hata alfajiri, na mchana hufika 29 au 30 karibu kila mwezi wa mwaka. Swali letu basi ni hili: betri iliyoundwa kwa nchi zenye majira manne huishije mahali ambapo joto halipumziki?

Huishi vizuri kuliko wengi wanavyohofia, mradi itunzwe. Na matunzo yenyewe hayahitaji mitambo ya ajabu. Yanahitaji kivuli, saa nzuri za kuchaji, na zaidi ya yote, kwamba anayeitumia betri ajue iko katika hali gani. Hilo la mwisho ndilo linalotushinda kwa sasa.

Tuanze ndani ya betri. Seli ya lithiamu huhifadhi umeme kwa kuhamisha chembe za lithiamu kutoka upande mmoja hadi mwingine, zikipita kwenye kimiminika kilicho katikati. Upande wa grafaiti hujifunika utando mwembamba sana tangu seli inapochajiwa mara ya kwanza. Utando huo unahitajika, kwa sababu ndio unaozuia kimiminika kuendelea kuliwa na grafaiti. Tatizo ni kwamba haukomi kukua. Kila unapoongezeka unene humeza lithiamu kidogo, na lithiamu iliyomezwa hairudi tena kazini. Joto huharakisha ukuaji huo: makadirio wanayotumia mafundi ni kwamba kila nyuzijoto 10 zikiongezeka, kasi ya kuchakaa huwa karibu mara mbili. Jambo la pili ni kiwango cha chaji. Betri iliyojaa pomoni huchakaa upesi kuliko iliyo nusu, hata kama haifanyi kazi yoyote. Mambo haya mawili yakikutana, gari lililoegeshwa juani likiwa na asilimia 100 linapoteza uhai wake bila kusogea hata mita moja.

Watu wengi wakisikia betri na joto hufikiria moto. Moto ni hatari ya kweli, lakini hauletwi na jua la Kisumu. Ule utando huanza kuvunjika seli ikifika nyuzijoto 80 na kuendelea, na plastiki inayotenganisha pande mbili za seli huyeyuka karibu na 130. Seli hufika huko kwa sababu ya ajali, chaji iliyopita kiasi, maji yaliyoingia ndani, au fundi aliyeunganisha seli kuukuu kutoka kompyuta mbalimbali na kuzitia kwenye sanduku lisilo na kihisi joto hata kimoja. Joto la hewa la nyuzi 30 kazi yake ni nyingine. Linaila betri polepole, miaka nenda miaka rudi, na mwenye mali haoni kitu mpaka siku anapogundua kwamba safari aliyozoea haifiki.

Ushahidi mzuri kuliko wote ulitoka mji wa Phoenix, jimbo la Arizona, Marekani. Nissan Leaf ilianza kuuzwa Desemba 2010 ikiwa na betri ya yuniti 24, yaani kilowati-saa 24, kipimo kilekile cha yuniti tunazonunua kwa tokeni. Dashibodi yake ina vijiti 12 vinavyoonyesha afya ya betri, na cha kwanza huzimika uwezo ukishapungua kwa asilimia 15 hivi. Kiangazi cha 2012, wenye Leaf wa Phoenix walianza kuona vijiti vikizimika kwenye magari ambayo hayajamaliza hata miaka miwili. Sababu ilikuwa kwenye muundo. Leaf hiyo haina maji ya kupoza betri, haina pampu wala feni ya kazi hiyo. Joto lililo ndani hutoka kupitia bati la sanduku tu, na lami ya Phoenix chini ya sanduku hilo ilikuwa inachoma. Mwaka 2013 Nissan ikaongeza dhamana ya uwezo wa betri kwa miaka 5 au maili 60,000, betri isishuke chini ya vijiti 9, kisha kwa magari ya mwaka 2015 ikabadilisha kemia ya seli ili zistahimili joto zaidi.

Hadithi hiyo ya Arizona inatuhusu kwa sababu Leaf ni miongoni mwa magari ya umeme yaliyotangulia kuingia Kenya. Teksi za NopeaRide zilizoanza Nairobi mwaka 2018 zilikuwa Leaf. Magari yaliyotumika Japani huja na usukani upande wetu na bei inayofikika, na sheria yetu inaruhusu yasiyozidi miaka 8. Kwa hesabu hiyo, Leaf ya yuniti 24 haiwezi tena kuingia. Zinazoingia sasa ni za kizazi cha pili, kilichotoka mwishoni mwa 2017 kikiwa na yuniti 40. Hicho nacho hakina maji ya kupoza betri. Mwaka 2018 wamiliki wa Ulaya waligundua kwamba baada ya mwendo mrefu wa barabara kuu na chaji ya haraka mara moja, betri ilikuwa na joto kiasi kwamba chaji ya pili ilikwenda kwa kasi ndogo mno. Gari lilikuwa linajilinda, na lilifanya vyema kujilinda. Lakini mtu anayetoka Nairobi kwenda Kisumu, kilomita 350 hivi, akipanga kuchaji Nakuru na tena Kericho, inafaa ajue hilo kabla ya safari.

Sasa tulinganishe. Wastani wa joto wa mwaka mzima Phoenix ni karibu nyuzijoto 24. Wa Kisumu ni karibu 23. Tofauti ni ndogo kiasi cha kushangaza, na ukiishia hapo utadhani kila Leaf iliyoko mitaa ya Kisumu kama Milimani au Mamboleo imeshahukumiwa. Haiko hivyo. Phoenix hupitisha miezi mizima mchana ukizidi 40, kisha hupata majira ya baridi, na kwa kuwa madhara ya joto huongezeka maradufu badala ya kujumlika, siku za 42 hudhuru zaidi ya vile siku za 15 zinavyoweza kufidia. Kisumu haifiki 40. Inakaa palepale, mwezi hadi mwezi, kwenye joto ambalo halichomi betri lakini pia haliipi nafuu. Gari la Tokyo, ambako wastani wa mwaka ni karibu 16, hupata miezi kadhaa ya kupumzika. Hata Nairobi, kwa sababu ya mwinuko wake, ina wastani wa 19 hivi, kwa hiyo anayesema "Leaf yangu imekaa miaka mitano Lang'ata bila shida" anasema kweli, ila ushuhuda wake haumtoshi mtu wa Nyalenda, Kisumu. Kwa ukanda wa Ziwa Victoria, hali iko katikati: betri huchakaa haraka kuliko Nairobi au Tokyo, lakini polepole kuliko Arizona au Maskati.

Magari yenye mfumo wa kupoza betri, kama ya Tesla na mengi ya BYD, yameondoa sehemu kubwa ya tatizo hili. Ila bei yake iko juu.

Lakini ukweli wa umeme barabarani Kisumu hauko kwenye magari. Uko kwenye pikipiki, na tuktuk zitafuata. Kampuni za Spiro, Roam, Ampersand na nyinginezo zimeanza kuuza pikipiki za umeme Kenya katika miaka ya karibuni, na bodaboda ndiyo soko zinalolipigania. Betri ya pikipiki haina nafasi ya pampu wala maji. Ni sanduku lenye mpini, uzito wa kubebeka kwa mkono mmoja kwa taabu, lenye umeme wa yuniti 3 hivi. Hulindwa na vitu viwili tu: bati lake linalotoa joto nje, na kidhibiti kidogo cha kielektroniki kinachosoma vihisi joto na kukata umeme mambo yakizidi.

Fikiria mwanaboda anayetoka Kondele saa nane mchana, amebeba mshikaki, yaani abiria wawili, na mfuko wa samaki mbele, akipandisha kilima cha Riat kuelekea Kiboswa. Mlima unadai mkondo mkubwa wa umeme, na joto linalozaliwa ndani ya seli hufuata mraba wa mkondo: ukiongeza mkondo mara mbili, joto huwa mara nne. Akifika juu betri imepata moto hasa. Akirudi kituoni kubadilisha, sanduku analolichomoa chini ya kiti huwezi kulikumbatia kwa raha. Mhudumu makini haliunganishi na chaja papo hapo. Analiweka kando, mahali pa hewa, lipoe. Asiye makini analisukuma moja kwa moja kwenye rafu. Seli nyingi za lithiamu zimewekewa kikomo cha kuchajiwa karibu nyuzijoto 45, kwa hiyo kidhibiti kizuri kitakataa na taa itabaki inamweka hadi joto lishuke. Kidhibiti duni kitakubali, na gharama yake itaonekana miezi kadhaa baadaye.

Hapo ndipo paa linapoingia katika hesabu. Chumba cha mabati kisicho na dari hupita nyuzijoto 40 bila shida mchana wa jua, na ukiweka humo chaja kumi, kila moja ikitoa joto lake, betri haitapoa kamwe kati ya kazi moja na nyingine. Nafuu yake ni ya bei ndogo: dari ya mbao au ya makuti chini ya bati, rangi nyeupe juu ya paa, matundu upande unaoelekea ziwa ili upepo wa alasiri upite, na mwembe au mwarobaini ikiwa kuna ardhi. Wanaboda wenyewe waliijua thamani ya kivuli siku nyingi; steji nyingi za kudumu mjini zina mti au kibanda. Pikipiki nyingi, hata hivyo, huachwa juani huku mwenyewe akikaa kivulini. Kwa injini ya petroli hilo lilikuwa si kitu. Kwa betri ni kitu.

Aina ya seli nayo ina neno. Kuna seli za nikeli, manganizi na kobalti, ile kobalti inayochimbwa kwa wingi Kolwezi na Likasi huko Kongo. Na kuna za chuma na fosfati, zinazojulikana kwa herufi LFP. LFP hubeba umeme kidogo zaidi kwa kila kilo, lakini hustahimili mizunguko mingi zaidi ya kuchaji na huwa ngumu zaidi kushika moto. Udhaifu wake mkubwa ni baridi, na baridi ndiyo hatuna. Mnunuzi wa ukanda wa ziwa akipewa nafasi ya kuchagua, achague LFP bila kusita.

Nimesema baridi hatuna. Kandokando ya ziwa, ndivyo. Ukipanda kidogo mambo hubadilika. Kericho iko kilomita 80 tu kutoka Kisumu, lakini iko juu zaidi kwa takriban mita 900, na Januari 2012 jalidi iliunguza majani ya chai huko na Nandi. Timboroa iko juu zaidi bado. Seli ikiwa na baridi, kimiminika chake huwa kizito na lithiamu husafiri kwa shida. Ikichajiwa chini ya nyuzi sifuri, lithiamu hugeuka kuwa metali juu ya grafaiti badala ya kuingia ndani yake, na madhara hayo hayarekebishiki. Kwa Mkenya wa magharibi hatari hiyo ni ya mbali, kwa sababu hata alfajiri ya Kericho betri iliyotoka kuendeshwa huwa bado na joto lake. Kinachomsumbua huko ni mlima. Kuinua gari lenye watu, jumla kilo 1,800, kwa mita 900 na ushei hula karibu yuniti 5 hata kabla ya kuhesabu upepo na msuguano. Pikipiki yenye watu wawili, jumla kilo 300, hula robo tatu ya yuniti, yaani kama robo ya betri yake. Kuteremka hurudisha sehemu ya umeme huo kupitia mota, isipokuwa kama betri ilichajiwa hadi kujaa kule juu. Hapo haina pa kuupokea, na mzigo wote huhamia kwenye breki. Anayetoka Kericho kurudi Ahero asijaze.

Ziwa lenyewe lina somo lililotangulia magari kwa miaka mingi. Omena huvuliwa usiku wa giza la mwezi kwa taa, na kwa vizazi viwili taa hiyo ilikuwa karabai ya mafuta ya taa. Mwaka 2008 kampuni ya OSRAM ilianzisha Mbita mradi ulioitwa Umeme Kwa Wote, wa kuwakodisha wavuvi taa za betri zilizochajiwa kwa jua. Baadaye kazi ya aina hiyo iliendelezwa na WeTu, kampuni ya kijamii iliyoanzishwa na Siemens Stiftung mwaka 2019, ambayo iliongeza maji safi na pikipiki za umeme. Tazama mzunguko wa betri ya mvuvi: usiku inafanya kazi juu ya maji, hewa ikiwa nyuzi 20 hivi, na mchana inachajiwa nchi kavu wakati wa joto kali. Jua ndilo lililolazimisha ratiba hiyo, lakini kwa seli ni ratiba iliyo kinyume. Ndiyo maana chumba cha kuchajia betri za taa kilihitaji kujengwa kwa akili kuliko kibanda cha kawaida, na ndiyo maana mfumo wa kukodisha ulifaa: betri ilirudi kila asubuhi mikononi mwa mtu aliyeijua, akaipima, na iliyochoka ikatolewa kazini. Mashua zenye mota ya umeme zinazojaribiwa sasa upande wa Homa Bay zina bahati zaidi. Sanduku la betri likikaa chini kwenye mbao za mashua, lipo karibu na maji ya ghuba ambayo hubaki kati ya nyuzi 24 na 28 usiku na mchana. Kinachohitajika ni kuzuia maji hayo yasiingie ndani, na hapo si mashua tu. Mei 2020 ziwa lilipanda kufikia kiwango kilichovuka rekodi ya 1964, likafunika nyumba za Dunga na fuo nyingine, na uwanda wa Kano hufurika mara kwa mara. Gari la umeme lililosimama kwenye maji ya mto Nyando hadi sakafuni lifunguliwe na fundi anayejua kabla ya kuwashwa.

Kwa wanaochaji kutoka kwenye nyaya za Kenya Power, bei na kemia zimekubaliana kwa namna nzuri. Aprili 2023 mamlaka ya nishati, EPRA, iliweka bei maalumu ya kuchaji vyombo vya umeme: shilingi 16 kwa yuniti, na 8 saa ambazo matumizi ni madogo. Saa hizo hasa ni za usiku, ambazo pia ndizo za hewa baridi. Kosa linalofanywa ni kuunganisha gari jioni likiwa bado na joto la barabarani, likajaa saa sita, kisha likakaa na asilimia 100 mpaka asubuhi. Afadhali kuliacha lipoe, kuanza kuchaji baadaye usiku, na kuishia 80 siku za kawaida, kwa kuwa mizunguko ya mjini haihitaji zaidi. Asilimia 100 ibaki kwa siku ya safari, nayo ifikiwe muda mfupi kabla ya kuondoka. Najua umeme wetu hukatika, na mtu akiuona upo anataka kujaza mara moja. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo siku nyingi haitimii, na betri hulipa siku zote.

Hadi hapa nimezungumzia mambo ambayo mtumiaji anaweza kuyafanya. Lililobaki linahusu nani anabeba hasara. Katika mfumo wa kubadilisha betri, kampuni ndiyo mwenye betri, kwa hiyo kila kituo chenye joto kinaula mfuko wake, na ina sababu ya kujenga dari na kufunga feni. Mwanaboda hapo amesalimika, ingawa kampuni ikificha kwamba betri zimechoka, yeye ndiye anayelipa bei ileile kwa kilomita chache. Aliyenunua pikipiki na betri yake kwa mkopo wa kila siku yuko pabaya zaidi: betri ikizeeka kabla ya deni kwisha, deni halizeeki. Huyu anahitaji dhamana iliyoandikwa kwa asilimia ya uwezo, kama ile iliyowekwa na Nissan mwaka 2013, na sio dhamana ya "miaka mitatu" isiyosema betri ikishuka kiasi gani ndipo ihesabiwe imekufa.

Mnunuzi wa gari la mtumba ndiye asiye na mtetezi kabisa. Sheria ya miaka 8 ilitungwa kwa ajili ya injini na chasisi. Haitofautishi gari lililoishi Sapporo, ambako wastani wa mwaka ni karibu nyuzijoto 9, na lililoishi Okinawa ambako ni 23 kama Kisumu. Yote mawili ni ya umri mmoja kwenye karatasi, ilhali betri moja inaweza kuwa imeizidi nyingine uzee kwa mbali. Rasimu ya sera ya taifa ya usafiri wa umeme ilizinduliwa Machi 2024. Kitu kimoja ambacho ningependa kukiona kwenye kanuni zitakazofuata ni cheti cha afya ya betri kwa kila gari la umeme linaloteremshwa Mombasa, kipimo kifanyike kabla halijapanda meli, na nambari yake iandikwe kwenye hati za gari. Vifaa vipo na bei yake si kubwa. Kingemwezesha mtu wa Kisumu kujua ananunua miaka mingapi ya betri, na kingelazimisha bei ishuke pale inapostahili kushuka.

Hadi cheti hicho kitakapokuja, anayenunua Leaf anaweza kujipima mwenyewe. Vijiti 12 vya dashibodi ni mwanzo tu, kwa sababu wapo wauzaji wanaofuta kumbukumbu ya kidhibiti ili vyote viwake tena kwa wiki kadhaa. Programu ya simu ya Leaf Spy, ikiunganishwa na kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani, husoma kila jozi ya seli na kuonyesha iliyo dhaifu. Baada ya hapo, alichaji gari, aliache lipoe, awapakie watu wanne na kulipandisha kutoka Kondele hadi Kiboswa akitazama asilimia zinavyoshuka na kipimo cha joto la betri kinavyopanda. Jozi ya seli iliyochoka hujionyesha kwenye mlima, hata kama vijiti vyote 12 vinawaka.